Anajibu yote kwa mdomo, daftari limejaa wino mwekundu: kisa cha mtoto wa dada yangu hapa Moshi

Mi ni mwalimu wa madarasa ya chini, nafundisha KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, miaka kumi na moja sasa, na mtoto ninayemzungumzia ni wa dada yangu wa tumbo moja kwa hiyo hivi vitu nimeviona kwa macho yangu. Ni mtoto mwenye akili nyingi anayeshukiwa kuwa na disleksia, yaani shida ya kusoma na kuandika ambayo haitokani na uvivu wala ujinga. Dada na shemeji wamekubali niandike, ila jina la mtoto naliacha na la shule naliacha.

Mtoto ana miaka tisa na nusu. Dada anauza viatu vya mtumba pale soko la Memorial, shemeji ni fundi pikipiki, ana gereji yake ndogo Pasua. Siku moja nimekaa na dada kibandani belo likafunguliwa, limenunuliwa laki nne na themanini, wakahesabu wakapata pea mia na ishirini. Dada anatafuta simu apige hesabu, dogo kashasema, mama kila pea imekuja elfu nne, ukiuza kumi na mbili kwa elfu saba umeshapata faida elfu thelathini na sita. Hakushika kalamu. Alikuwa anafunga kamba za viatu huku anaongea. Kipindi hicho ndo kwanza ana miaka minane. Na gerejini kwa baba yake alikuwa anafungua kabureta, anapanga vipande kwenye kitambaa kwa mstari kila kimoja na zamu yake, anasafisha na kurudisha vyote bila kubakiza skrubu.

Mtoto huyo huyo ripoti ya darasa la tatu inasema amekuwa wa thelathini na moja kati ya thelathini na nane. Maoni ya mwalimu: anaweza ila ni mvivu, hana umakini, mwandiko mbaya, aongeze bidii. Shule ni inglishi midiamu ya kulipia, na mwisho wa mwaka wakamwita dada wakamwambia ni vizuri akariri darasa.

Dada akaja kwangu analia. Nikamwambia leta madaftari yote na karatasi za mtihani, sio ripoti. Ripoti inakupa namba tu, karatasi ndo inakuonyesha mtoto alikwama wapi.

Karatasi ya hisabati ilikuwa na maswali ishirini. Yale ya namba tupu, jumlisha, zidisha, gawanya, kapata yote isipokuwa moja. Yale ya maelezo, yaani fulani ana maembe kadhaa akagawia wenzake, kaacha wazi karibu yote. Nikamsomea mimi yale aliyoyaacha, nikamgeuzia na Kiswahili, akajibu moja baada ya jingine hata sijamaliza sentensi. Kwa hiyo alama ya hisabati aliyopewa ilikuwa alama ya kusoma, hisabati yenyewe hakuna aliyeipima. Kwenye daftari la Kiswahili mbuzi kaandika buzi, ndizi kaandika dizi, mwalimu kaandika malimu, na neno ng'ombe kwenye ukurasa mmoja kaliandika mara tatu kwa namna tatu, gobe, ngobe, nombe. Hilo la namna tatu lilinishtua kuliko yote. Mtoto ambaye hajafundishwa vizuri mara nyingi anakosea kosa lile lile kila siku, ila huyu kila akiliendea neno ni kama analiona kwa mara ya kwanza.

(Walimu wenzangu, r na l msihesabu. Huku kwetu wengi tunachanganya kula na kura kwa sababu ya lugha za nyumbani, hiyo ni matamshi. Na mtoto wa miaka sita kugeuza b na d ni kawaida kabisa, asitangazwe mgonjwa.)

Niseme njia tulizopita kwanza maana wengi mtapita humo humo. Kabla hawajaja kwangu walishamnunulia miwani, mtu mjini aliwaambia herufi zinacheza kwa sababu ya macho, elfu themanini na tano ikaenda. Wakamweka tuisheni saa mbili kila jioni, na tuisheni yenyewe ilikuwa kunakili, anaandika neno alilokosa mara hamsini. Bibi yake Kibosho akamwombea, hiyo haina ubaya, mtoto alilala usingizi mzuri siku hizo alizokuwa kwa bibi. Halafu likaja lile baya kuliko yote, shemeji akamfungia gereji. Akasema mpaka usome, spana huzishiki tena. Yaani sehemu pekee ambayo mtoto alikuwa anajiona ana akili ndo ikafungwa, na ile anayojiona mjinga ikaongezewa saa mbili kwa siku. Ndani ya miezi miwili mtoto akaanza kuumwa tumbo kila Jumapili usiku.

Na mimi nina deni hapa. Dada aliwahi kuniuliza mwaka mmoja kabla, nikampa mtoto kitabu cha darasa la pili akasoma aya moja akakosea maneno mawili tu, nikamwambia dada mtoto anasoma, tatizo la shule yenu. Nilikuwa naangalia kitu kisicho chenyewe, na hapa ndo nataka walimu na wazazi wanisikilize vizuri.

Kiswahili chetu kinaandikwa kama kinavyotamkwa. Ukishajua ba be bi bo bu unaweza kulisoma neno lolote hata hulijui maana. Kwa hiyo mtoto mwenye shida ya kusoma, hasa akiwa na akili nyingi, atafika mwisho wa aya na makosa machache, ila atafika kachoka jasho linamtoka. Kwenye Kiingereza shida inaonekana kwa makosa mengi kwa sababu maneno yenyewe hayafuati sauti. Kwenye Kiswahili shida inakaa kwenye muda. Vipimo vyetu vingi vinauliza anasoma au hasomi, silabi, maneno, aya, hadithi, akifika hadithi unaweka tiki. Saa hatuiangalii.

Safari hii nikashika simu nikahesabu sekunde. Kifungu cha maneno sitini na mawili, cha darasa la pili. Wanafunzi wangu wa zamani walioko la tatu, wa kawaida tu, wanakimaliza kwa dakika moja na nusu hivi au chini. Yeye alitumia dakika nne na sekunde kumi. Makosa mawili tu. Nikamwandikia maneno ya kutunga yasiyo na maana, mbefo, shwapi, ng'uta, dwalimbe, hapo sasa yale makosa yaliyokuwa yamejificha yakatoka yote, kumbe alikuwa anashika herufi ya kwanza na ya mwisho halafu katikati anabahatisha kwa akili yake, na kwa kuwa ana akili bahati yake ilikuwa inampa. Neno likishakosa maana hana pa kubahatishia. Nikamuuliza sauti pia, kabati ukitoa ka inabaki nini, akasema bati haraka. Nikamuuliza neno simu lina sauti ngapi, sio silabi, sauti, akapotea kabisa.

Mwisho nikachukua kitabu cha darasa la sita nikamsomea mimi habari za milima ya volkano. Akajibu maswali yote, halafu akaniuliza, mamdogo, kama Ol Doinyo Lengai bado unatoa uji wa moto na Kilimanjaro hautoi, ule uji wa chini ya Kilimanjaro umeenda wapi? Mtoto wa la tatu. Sasa weka hivyo viwili pamoja, kwa masikio yuko darasa la sita, kwa macho yuko la pili na anachechemea. Hilo pengo ndo lilikuwa kisa chenyewe. Mtoto wa aina hii anakosa msaada pande zote mbili, hafeli vya kutosha aonekane ana shida, na hafaulu vya kutosha aonekane ana kipaji, anakaa pale katikati na neno mvivu.

Nikawaambia dada na shemeji naona dalili za disleksia. Sikusema anayo. Mwalimu hapimi ugonjwa, mwalimu anaona dalili, na mpaka leo kwenye makaratasi yetu tunaandika inashukiwa.

Shemeji akakataa. Akasema haya ni mambo ya wazungu yameletwa na simu, zamani watoto walikuwa wanachapwa na wanasoma. Nikamweleza ni ya zamani kuliko bendera yetu, kwamba mwaka 1887 daktari mmoja wa macho Ujerumani, Rudolf Berlin, ndo alilitumia hilo jina, na mwaka 1896 daktari wa Uingereza anaitwa Pringle Morgan akaandika habari za kijana wa miaka 14 ambaye alikuwa mwerevu na hesabu anaziweza ila kusoma kumemshinda, na mwalimu wake alisema kama masomo yote yangefundishwa kwa mdomo huyo kijana ndo angekuwa mkali kuliko wote shuleni. Shemeji alinyamaza muda mrefu. Akauliza, huyo kijana alikuwa na baba? Nikamwambia lazima alikuwa naye. Akasema mi shule niliacha la saba, si kwamba nilikosa ada, herufi zilikuwa hazikai. Mpaka leo risiti za spea anasomewa na kijana wake wa gereji, dada alikuwa anadhani ni macho. Hii hali inatembea kwenye familia, mzazi akiwa nayo uwezekano wa mtoto kuwa nayo unapanda sana. Baada ya hapo ndo nikamwelewa shemeji na ule ukali wake wote. Alikuwa anamchapa mtoto asije akawa kama yeye.

Msaada wenyewe tulianzia hospitali. KCMC, macho na masikio. Hatua hii usiiruke hata kama una uhakika, mtoto asiyesikia vizuri anaweza kuandika buzi badala ya mbuzi na usijue. Masikio mazima, macho mazima, miwani haihitajiki. Disleksia inakaa kwenye namna ubongo unavyoshughulika na sauti za maneno, ndo maana miwani, hata zile za rangi rangi, haziiondoi. Mtu akikuuzia dawa ya kunywa au mafuta ya samaki kwa ajili hiyo, hela yako nunulia vitabu.

Kutoka hapo tukaenda halmashauri kumuona afisa elimu maalum. Wazazi wengi hawajui kama huyu mtu yupo, au wanadhani ni wa viziwi na wasioona tu. Tulibeba bahasha: madaftari ya miaka miwili, karatasi ya hisabati niliyoielezea, majibu ya hospitali, na rekodi ya simu mtoto akisoma na kujibu kwa mdomo. Ile rekodi ilifanya kazi kubwa kuliko maneno yetu yote. Tukaunganishwa na mwalimu aliyesomea elimu maalum Patandi, kile chuo cha Tengeru njia ya Arusha, akamfanyia tathmini kwa siku mbili na kutuandikia ripoti ya kurasa tatu, anachoweza, asichoweza, afundishwe vipi. Dada alitaka twende mpaka Nairobi akapimwe akili na mwanasaikolojia apate namba. Nikamwambia kama hela ipo si vibaya, ila vipimo vingi vya namna hiyo vimetengenezwa kwa watoto wa Ulaya na Marekani na kwa Kiingereza, na cha kufanya Jumatatu asubuhi kitakuwa kile kile. Tukaacha.

Nyumbani tulifuta kunakili mara hamsini. Tuisheni ya saa mbili tukaigeuza dakika ishirini, kila siku, baada ya chai ya jioni, na mimi naenda mara tatu kwa wiki. Kadi tulikata kwenye maboksi ya viatu ya dada. Tulianza na sauti zenyewe, kila moja anaisema, anaisikia, anaiandika kwa kidole kwenye sinia la unga wa sembe, macho na mkono na mdomo vinafanya kazi pamoja. Tukashika zile zinazomtesa, mb, nd, ng, ng', ny, mw, kw, moja haijakaa hatuendi nyingine. Ni kazi ya kuchosha na mwezi wa kwanza sikuona kitu, nilikuwa narudi nyumbani najiuliza kama nawadanganya hawa watu.

Kilichofungua mlango ni gereji. Nilimwomba shemeji amrudishie mtoto spana zake bila masharti, Jumamosi yote, asome asisome. Akakubali kwa shingo upande. Jumamosi moja nimepita pale namkuta dogo kapanga vipande vya kabureta kwenye kitambaa, ikanijia. Jioni nikamwandikia neno moja refu, aliyenisaidia, neno ambalo siku zote analiona kama ukuta. Nikamwambia hii ni injini, ifungue. Tukakata kwa mkasi, a, li, ye, ni, saidia. Kila kipande nikamwambia kazi yake, huyu anasema nani, huyu anasema lini, huyu ni yule, huyu ni mimi, hii ya mwisho ndo kazi yenyewe. Akaangalia. Akachukua kile cha li akaweka ta, akakitoa ni akaweka tu, akasema mamdogo, kumbe spea zinaingiliana! Tulikaa mpaka saa nne usiku, alitengeneza maneno zaidi ya arobaini, ananiuliza mbona atakayetusaidia imeongezeka ka, kile cha katikati kinafanya nini.

Kwa mtoto mwenye akili nyingi hii ni chakula. Ule wepesi wake wa kuona mfumo ndo tuliutumia kumvutia kwenye kitu anachokiogopa. Angekuwa anapewa ba be bi bo bu peke yake mwaka mzima angekufa kwa kuboreka, na angepewa vitabu vigumu peke yake kwa kuwa ana akili angezama. Vyote viwili kwa pamoja, siku ile ile. Na Kiswahili chetu kinasaidia hapo maana vile vipande ni vile vile vinarudi kila sentensi, akishaizoea li na ta na na na me hasomi tena herufi moja moja, anaokota vipande. Sauti bado tunazifanya kila siku, vipande havijachukua nafasi yake.

Vitabu vya umri wa akili yake anasomewa. Dada hana muda, kwa hiyo mi namrekodia kwenye simu, anasikiliza huku anafuatisha na kidole. Sayansi ya la tano kaimaliza hivyo.

Shuleni ndo palikuwa pagumu. Tulienda na ile ripoti tukaomba vitu vitano: asikariri darasa, asisomeshwe kwa sauti mbele ya wenzake bila kuandaliwa, maswali ya maelezo asomewe, makosa ya herufi yasihesabiwe kwenye sayansi na maarifa, na akikosea imla asichapwe. Walikubali la kwanza na la mwisho. Mengine wakasema tukimfanyia huyu wazazi wengine watadai. Mwalimu wake wa darasa, binti mdogo tu, akatufuata mpaka getini akasema mimi nitamsomea maswali, msimwambie mtu. Alifanya hivyo muhula mzima, na hisabati mtoto akapanda mpaka wa nne.

Mi na dada hatujakubaliana kwenye jambo moja. Naona mtoto anabeba mizigo miwili, anajifunza kusoma na anajifunza kwa lugha ambayo herufi zake hazina msimamo, kwa hiyo ningemhamishia shule ya Kiswahili kusoma kukae kwanza. Dada anasema sekondari ni Kiingereza, akihama sasa atakutana na ukuta kule mbele, na darasa la serikali lina watoto tisini nani atamwangalia. Ana hoja. Nimeona watoto wanapotea kwenye darasa la tisini, nafundisha humo. Mpaka sasa kabaki alipo kwa sababu ya yule binti, na tumekubaliana huyo mwalimu akihamishwa tunakaa tena.

Miezi saba imepita. Kifungu kingine cha urefu ule ule anasoma kwa dakika mbili na sekunde tano. Bado ni taratibu kwa umri wake, na imla bado mbaya, wiki iliyopita nguo kaandika guo, ila ng'ombe sasa ni ng'ombe kila mahali. Tumbo la Jumapili limekwisha tangu mwezi wa tatu.

Sasa hivi kinachotusumbua ni Upimaji wa Kitaifa wa darasa la nne, maana akianguka kule anakariri na kila tulichojenga kinarudi chini. Baraza la Mitihani lina utaratibu wa kuwaongezea muda watahiniwa wenye mahitaji maalum, dakika ishirini kwa kila saa kwenye hisabati na dakika kumi kwa kila saa kwenye masomo mengine, na afisa elimu maalum ametuambia ombi lipitie shuleni mapema, tusingoje mwezi wa mtihani. Dada ametoa kopi tatu za ile ripoti ya kurasa tatu, moja kaipeleka kwa mwalimu mkuu na kusainiwa kwamba imepokelewa, moja iko halmashauri, ya tatu kaiweka kwenye boksi la viatu pamoja na zile kadi.